Mama wa Shunemu na Kibanja Chake



Somo la kwanza la Dominika ya 13 ya Mwaka A linatupeleka Shunemu, kwa mama mmoja mwenye uwezo wake. Amemwona nabii Elisha akipita kijijini mara kwa mara, amemlisha, na siku moja anamwambia mumewe: tumjengee huyu mtu wa Mungu chumba kidogo huko juu, chenye kuta zake, tumwekee kitanda, meza, kiti na taa, ili kila apitapo awe na pa kufikia. Mume anakubali. Chumba kinajengwa, na mama anaahidiwa mtoto wa kiume. Somo linakomea hapo, na sisi wahubiri tunakomea hapo pia. Tunasifu ukarimu, tunataja thawabu yake, tunaunganisha na kikombe cha maji baridi cha Injili ya siku hiyo, tunapokea sadaka na kwenda nyumbani.

Wiki hii nawaomba mfunue kurasa chache mbele: Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 8, aya sita za kwanza. Masomo ya Dominika hayafiki huko, kwa hiyo wengi wetu hatujawahi kujua mama huyu aliishia wapi.

Njaa imeingia nchini. Elisha anamwambia aondoke na watu wa nyumbani mwake akakae popote patakapompokea. Anakaa ugenini kwa Wafilisti miaka saba. Mumewe, ambaye alikuwa mzee tangu tulipomkuta mara ya kwanza, hatajwi tena. Mama anaporudi, nyumba ina watu na shamba lina watu. Anakwenda kwa mfalme kulilia nyumba yake na shamba lake. Na siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, Gehazi, mtumishi wa Elisha, yuko mbele ya mfalme akisimulia habari za mama huyu. Anapoingia, Gehazi anasema: ndiye huyu. Mfalme anamuuliza mwenyewe, mama anaeleza. Kisha mfalme anamteua ofisa mmoja ashughulikie shauri hilo, na amri inatoka: arudishiwe vyote vilivyokuwa vyake, pamoja na mapato ya shamba tangu siku alipoondoka nchini mpaka siku ile.

Aliyekuwa na chumba cha ziada ndiye huyo huyo aliyekosa pa kuingia. Hakuwa mlevi, hakuwa mvivu, hakuuza mali akala. Alifuata ushauri wa nabii.

Tukisikia habari za watu wasio na makazi, mawazo yetu yanakimbilia Dar es Salaam: mtu aliyelala juu ya boksi kwenye baraza la duka Kariakoo, watoto wa mtaani wanaozunguka stendi usiku. Hapa Igurwa, wilayani Karagwe, hatuna hao. Nenda Kayanga, nenda Omurushaka, ingia Kyerwa ufike mpaka Nkwenda, hutakuta mtu aliyelala njiani. Tunajipongeza kwamba huku bado kuna undugu. Na kweli upo. Ila undugu huo huo ndio unaotuficha watu wetu tusiwaone, kwa sababu wamelala jikoni kwa ndugu zao.

Nitawaelezea mmoja. Nimemchanganya na wengine ili asitambulike. Yuko kwa kaka yake, katika jiko la nje la miti na udongo. Mkeka wake hukunjwa alfajiri na kusimamishwa nyuma ya mtungi. Usiku anasubiri wenye nyumba wamalize kula, moto upoe, asogeze mafiga na masufuria pembeni, ndipo atandike alale na watoto wawili. Kwenye boriti ameninginiza mfuko wa rambo, juu kabisa ambako panya hawafiki. Ndani yake mna cheti cha ndoa, kadi za ubatizo, kadi za kliniki za watoto, cheti cha kifo cha mumewe na kitabu cha chama cha msingi chenye jina la marehemu. Moshi umezigeuza karatasi zote rangi ya chai. Mchana analima migomba ya wifi yake. Ukimuuliza anakaa wapi atakujibu, "Niko kwa kaka." Sensa ya 2022 ilimhesabu palepale alipolala, kama mmoja wa kaya ile. Makarani hawakukosea. Yupo kwenye hesabu ya wenye makazi.

Alifikaje pale? Hilo tunalijua, maana tulikuwepo. Mumewe alipofariki jumuiya ilichanga, kwaya iliimba, akina mama wa WAWATA walipika siku zote za matanga. Siku ya kumaliza matanga kikao cha ukoo kilikaa, na shemeji akatajwa kuwa mwangalizi wa mali. Tulisikia, tukaitikia, tukaondoka na masufuria yetu. Hakuna aliyemfukuza. Ilianza na kahawa. Juni ilipofika mashemeji walikuja na magunia kumsaidia kuchuma. Kahawa ikaanikwa uani kwao, ikauzwa na wao, na fedha zikazungumziwa bila yeye kuziona. Mwaka uliofuata akikata mkungu anaulizwa amemwomba nani ruhusa. Kisha akampeleka mtoto Hospitali ya Nyakahanga, akalazwa naye, na aliporudi akakuta kufuli jipya mlangoni.

Wapo wa namna nyingine, na sitawataja wote. Yupo kijana aliyeuza kahawa ingali maua, butura mwaka huu, butura mwaka ujao, mpaka mwenye fedha akadai kibanja chenyewe. Yupo mzee aliyekaa Uganda miaka mingi kwa vibarua akarudi mgonjwa, wadogo zake wamekwisha kugawana. Wapo waliokuwa watoto wakati ukimwi ulipoupiga mkoa wetu kuanzia miaka ya 1980, wakafiwa na baba na mama, wakalelewa kwa zamu na wajomba na baba wadogo, na leo ni watu wazima ambao hawajui hata mpaka wa shamba la baba yao ulipita wapi. Na wapo walioachwa na Operesheni Kimbunga ya 2013, ile ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali: ndoa zilizokatwa katikati, mmoja akivushwa kwenda Rwanda na mwingine akibaki hapa na watoto ambao ukoo wa upande wowote hauwataki. Lakini kwa kuwahesabu kwa macho, walio wengi katika vigango vyetu ni wajane na wanawake walioachika. Nitaendelea na huyo wa jikoni.

Mlinganisheni na watu wa tetemeko. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, mchana, mkoa wetu wa Kagera ulitikisika kwa kipimo cha 5.9. Watu 17 walikufa, nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka, nyingi Bukoba na Missenyi, na madhara yakafika hadi Karagwe na Kyerwa. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato zilifungwa. Familia zililala nje chini ya turubai, mvua za Septemba zikiwanyeshea. Nchi nzima ilichanga, na Rais Magufuli alipofika Bukoba mwanzoni mwa 2017 aliwaambia wananchi waziwazi kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba. Maneno yale yaliwauma watu. Hata hivyo, familia zile zilikuwa zimelala katikati ya migomba yao. Asubuhi baba alikata ndizi yake mwenyewe, akachambua matofali mazima kwenye kifusi, akauza kahawa msimu uliofuata akanunua bati. Wengi wamejenga tena, kidogo kidogo, kwa mikono yao.

Mama wa jikoni nyumba yake haikuanguka. Ipo, ina bati, na jioni moshi unatoka. Hakuna turubai litakalomfaa, wala hakuna kamati ya maafa itakayomwandika. Alichokosa ni kibanja: mahali ambapo mkungu ukiiva anaukata bila kuomba. Kwa sisi watu wa huku, asiye na kibanja hana makazi hata kama amelala juu ya godoro. Hilo wazee wetu walilijua vizuri. Ndiyo maana nyarubanja, utaratibu ule wa wakulima kukaa kwenye ardhi ya bwana na kumtolea sehemu ya mazao, uliwachoma hadi serikali ikaufuta kwa sheria mwaka 1965. Babu zetu walikataa kuwa wageni wa kudumu katika shamba wanalolilima wenyewe. Tumekuja sisi, tumewafanya dada zetu wawe wageni wa namna hiyo.

Sheria imesemaje? Hapa nakaa kidogo, maana nimesikia watu wazima wakisema kanisani kwamba mwanamke kukosa ardhi ni mila na mila haina hakimu. Hakimu alikwisha kupatikana, tena kwa shauri la mkoa wetu. Bibi Holaria Pastory wa Muleba aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia. Uzee ulipomwelemea hakuwa na wa kumtunza, akaliuza. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda Mahakama ya Mwanzo Kashasha kutaka mauzo yafutwe, kwa hoja kwamba mila za Kihaya zinamruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo lakini si kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ilimkubalia, Mahakama ya Wilaya ikamkatalia, shauri likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba kanuni hiyo ya mila inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi kwa masharti yale yale anayofuata mwanamume. Mauzo ya bibi yule yakasimama.

Sitawadanganya kwamba mambo yaliishia hapo. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963 halijafutwa. Wajane wawili wa Shinyanga waliotolewa majumbani mwao na ndugu wa waume zao walikwenda hadi Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikiri kwamba mila hiyo inabagua, kisha ikasema si kazi ya mahakama kuibadilisha. Rufaa yao ilikwama kwa kasoro za kiutaratibu. Ikabidi waende hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema Tanzania imevunja haki zao na ikaitaka irekebishe sheria. Mjane wa Igurwa hawezi kufika huko, na hapaswi kulazimika kufika. Ila ajue, na shemeji yake ajue, kwamba anayesema "ndivyo mila ilivyo" hasemi jambo lisilo na ubishi.

Sasa tuje kwetu kama Kanisa, maana kuna wema tunaoutenda unaomuumiza huyu mama. Jumuiya ikigundua kwamba yupo jikoni, huruma inawaka. Mtu anajitolea miti, mwingine bati kumi, wa tatu anatoa kipande chembamba kando ya barabara, na katika wiki chache kibanda kimesimama. Padri anakuja kukibariki, picha zinapigwa. Nani anafurahi kuliko wote? Shemeji. Mama sasa ana kwao, hana haja ya kurudi. Akidai, ataambiwa: si ulikwisha kuhama? Miaka inapita. Sheria ya ukomo wa mashauri inampa mtu miaka 12 kudai ardhi, na baada ya hapo aliyekalia amekalia. Kibanda kile cha huruma kinakuwa muhuri wa dhuluma. Watoto waliokuwa na ekari za migomba na kahawa ya babu yao wanakulia kwenye uwanja ambao hata mchicha hautoshi.

Ndiyo sababu nasema kwa mtu kama huyu makazi ya muda ni bora kuliko nyumba ya haraka. Mtu ashangae, lakini afikirie. Makazi ya muda yanasema: uko hapa kwa sababu unakwenda mahali. Mama wa Shunemu alikaa kwa Wafilisti miaka saba, na miaka yote hiyo alijua nyumba yake ni ipi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliipenda methali hiyo, akaitumia kutufundisha kwamba katika ujamaa hakuna kupe. Mimi naiheshimu, ila katika suala hili nina neno nayo. Huyu mama jembe tulimpa siku ya kwanza. Analo hadi leo, ameligeuza kisiki. Shamba analolilima si lake na halitakuwa lake, na hakuna siku iliyopangwa ambapo atalima lililo lake. Mgeni anayepewa jembe bila kusaidiwa kurudi kwake ni kibarua asiye na ujira, hata kama mwenye shamba anamwita dada.

Chumba cha mama wa Shunemu kilikuwa na kuta zake. Mwandishi wa Biblia hakulazimika kulisema hilo, lakini amelisema. Elisha hakulazwa sebuleni. Na mahali pengine katika sura ile ya 4 tunaona chumba kina mlango, unafungwa. Nikiwaza kuhusu vigango vyetu, naona nyumba za makatekista zilizobaki tupu, naona chumba cha nyuma kwa mama ambaye watoto wake wote wako Mwanza, naona stoo ya parokia yenye viti vibovu na sanamu iliyovunjika mkono. Chumba kimoja kwa kigango kinatosha kuanzia. Kiwe na mlango, na ufunguo aushike yeye. Awe na jiko lake na sufuria yake, hata kama chakula kinatoka kwa jumuiya, kwa sababu mama asiyepika chake mwenyewe watoto wake huanza kumwangalia mtu mwingine ndiye mama. Asigeuzwe hausigeli wa bure. Na hili nalisema wazi kwa wanaume wa UWAKA na wote: asiombwe malipo ambayo hayawezi kutajwa mbele ya altare. Tunajua hutokea.

Muda utajwe siku ya kwanza, kwa upole, mbele ya mwenyekiti wa jumuiya: tuseme miezi sita, na ikibidi kikao kiongeze. Wapo watakaoona hilo ni ukatili. Naona ukatili ni kumwacha mtu asijue kama kesho ataambiwa aondoke. Mwenye tarehe anaweza kupanga. Asiye nayo anajikunja kila wenyeji wakigombana, akidhani wanagombana kwa ajili yake, na mara nyingi ni kweli.

Mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji waarifiwe mapema kwamba yupo na kwa nini yupo. Kama alipigwa au ametishiwa, polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na huko apelekwe kwanza kabla ya upatanisho wowote. Nasema hivyo nikijua tulivyo hodari wa kupatanisha. Tumewarudisha wanawake kwa waume zao na sala mkononi, na wengine tukawazika.

Kazi ya ile miezi sita ni karatasi. Mfuko ule wa rambo ushushwe kutoka kwenye boriti. Mirathi ya kimila hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na mjane anaweza kuomba yeye mwenyewe kuwa msimamizi. Haijaandikwa popote kwamba lazima awe shemeji. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni mapendekezo, na hakimu ana uwezo wa kuyakataa. Kama hakuwa na ndoa ya kanisani asiambiwe hana chake: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kuwa wameoana mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana na watu kama mke na mume, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Mgogoro wa ardhi yenyewe hupitia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30 shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wengi hawajui hilo, bado wanapoteza mwaka mzima wakingoja hukumu ya Kata. Tangu 2017 tuna sheria inayowatambua wasaidizi wa kisheria, na hapa Karagwe shirika la WOMEDA limefanya kazi hiyo ya kuwasimamia wanawake na watoto kwa miaka mingi. Parokia haina haja ya kuwa na mwanasheria. Inahitaji mtu wa kumsindikiza mama, anayejua kusoma, mwenye nauli ya bodaboda na asiyeogopa ofisi.

Wapo watakaouliza tutapata wapi nguvu ya kukaa na watu muda wote huo. Watu wa Karagwe wasiulize swali hilo. Mwaka 1861 Omukama Rumanyika aliwapokea wazungu wawili, Speke na Grant, pale Bweranyange. Speke aliendelea Buganda Januari 1862. Grant alikuwa na kidonda cha mguu, hawezi kutembea, akaachwa kwa mfalme hadi Aprili. Alilishwa, akauguzwa, na alipoweza kusafiri akaondoka. Hiyo ndiyo kazi ninayoizungumzia, na babu zetu waliifanya kabla ya mmisionari yeyote kutufundisha neno huruma.

Kisha ikaja Aprili 1994. Rusumo, mpakani na Rwanda, ilivukwa na wakimbizi wapatao 250,000 ndani ya saa 24 hivi. Benaco ya Ngara ndiyo iliyopigwa picha na dunia yote, lakini na Karagwe, wakati huo Kyerwa ikiwa bado ndani yake, ilikuwa na kambi zake, Chabalisa, Kagenyi na nyinginezo. Misitu ilikatwa, visima vilikauka, na bado watu waligawana. Mwishoni mwa 1996 kambi zikafungwa na watu wakavushwa kurudi. Walipofika kwao wengi walikuta nyumba zao zina watu, wakimbizi wa tangu 1959 waliokuwa wametangulia kurudi na ambao nao hawakuwa na pengine. Turubai walipewa, chakula walipewa, lori walipewa. Swali la nani amekaa kwenye nyumba yako halikujibiwa kambini. Likawasubiri nyumbani.

Hapo ndipo namrudia Gehazi. Kama mmesoma sura ya 5 mnamkumbuka: tamaa ya fedha na mavazi ilimponza, akamdanganya Naamani, akapatwa na ukoma. Mtu mwenye doa. Katika sura ya 8 ndiye mtu muhimu kuliko wote baada ya mama mwenyewe, kwa sababu moja tu, kwamba alikuwa anamfahamu mama huyu na akasema mbele ya mwenye mamlaka. Mfalme hakuwa na hati ya shamba. Alikuwa na mdai, na alikuwa na shahidi. Vilitosha.

Mashauri mengi ya vibanja huku kwetu hayana hati pia. Yana mashahidi. Anayejua mpaka uko wapi ni jirani aliyekuwepo siku milamula ya mpaka ilipopandwa. Anayejua kwamba marehemu alimgawia mkewe upande wa kisimani ni rafiki aliyekunywa naye rubisi jioni ile. Na shahidi huyo mara nyingi ni Mkristo mwema, yuko kwenye halmashauri ya walei, anatoa zaka, na hatasema, kwa sababu shemeji wa mjane ni jirani yake, wanachangia harusi pamoja, na mtoto wake anafundishwa na mtoto wa yule. Kumpa mjane kilo mbili za maharage hakumgharimu ujirani. Kusema mpaka ulipo kunamgharimu. Ndiyo maana maharage yamejaa jikoni kwa yule mama, na shahidi hajapatikana.

Mwone pia kwamba mfalme alirudisha na mapato. Tungependa kuishia kwenye kurudisha nyumba, maana hilo lina heshima kwa pande zote. Lakini kahawa iliyochumwa misimu mitatu ilikwenda kwa chama cha ushirika, KDCU, au kwa mlanguzi, ikalipwa fedha, fedha zikanunua pikipiki. Shemeji anayekuja kuungama kwamba alimkosea mjane wa kaka yake, mwambieni kabisa kabla hajafika kwangu: nitamuuliza habari za kahawa.

Msimu umeanza. Wiki hizi magunia yanapita njiani na mikeka ya kuanikia imetandikwa kila uani, na huu ndio wakati wa mwaka ambapo wajane wetu wanajua kama bado wana shamba. Naomba kila jumuiya, katika mkutano wa wiki hii, ijiulize ni nani kati yetu anayelala jikoni kwa mtu, na ni nani anachuma kahawa ya nani. Kigango chenye chumba kiniarifu kabla ya mwisho wa Julai. Na wewe uliyeshika kamba siku marehemu alipopima mpaka ule, umri wako unakwenda. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, ukaandike ulichokiona, uweke sahihi au dole gumba.